Wewe wa Nani?

Mgeni anayeshuka mashuani katika kijiji cha Wabajuni haulizwi sana jina lake. Anaulizwa ni wa nani. Linalotakiwa hapo si jina la baba peke yake. Linatakiwa na la babu, na mji aliozaliwa mama, na ukoo mmoja katika zile koo 18 ambazo Wabajuni hujihesabia. Akishajibu, wenyeji humweka mahali pake bila taabu: kumbe huyu ni mjukuu wa fulani aliyeoa Koyama, shangazi yake yuko Faza, basi na apishwe akae. Mtu hapa hajielezi. Anaelezwa na waliomtangulia, wala hana kinyongo, maana wanavyomjua wao na anavyojijua mwenyewe ni mamoja.

Ninawaleta Wabajuni katika sura hii kwa sababu katika karne moja hivi wameulizwa swali hilohilo na watu wengi wengine wenye nia nyingine: watu wa mji wa Lamu, wanamgambo wa Kismayo, polisi wa Mombasa, maafisa wa uhamiaji wa Uingereza. Kila muulizaji alikuja na jibu lake mfukoni. Tukitaka kujua kinachotokea pale anavyojiona mtu panapoachana na anavyoonekana, ni wachache katika pwani yetu walioyapitia hayo kwa upana kama wao.

Kwanza wanasaikolojia, kwa ufupi. Mwaka 1902 Charles Horton Cooley, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kwamba nafsi ya mtu ni kama iliyo mbele ya kioo: tunawaza jinsi mwenzetu anavyotuona, tunawaza anatuhukumu vipi kwa hayo anayoyaona, kisha tunaona fahari au haya. Hatua mbili za mwanzo, ukitazama vizuri, zinafanyika kichwani mwetu wenyewe. Mwenzetu huenda wakati huo anawaza chakula chake cha mchana. Mwaka 1993 David Kenny na Bella DePaulo walizipitia tafiti zilizokuwapo wakaona kwamba watu wengi, wakiulizwa wengine wanawaonaje, hawazisomi nyuso za hao wengine. Wanajitazama wao, halafu wanadhani kila mtu anaona yaleyale. Anayejiona mcheshi hudhani anaonekana mcheshi. Naye Simine Vazire, mwaka 2010, alionyesha kwamba kila upande una yake unayoyaona vizuri zaidi: wasiwasi wa moyoni mwenyewe anaujua kuliko rafiki zake, lakini akili na ubunifu rafiki hupima vizuri zaidi, kwa kuwa hapo nafsi ina maslahi yake ya kulinda.

Sina ugomvi na matokeo hayo. Shaka yangu iko kwa watu waliopimwa. Tafiti za namna hii nyingi hufanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, watu ambao wakikosea kujua wanavyoonekana, hasara yao ni aibu ya jioni moja. Kudhani kwamba kila mtu anakuona unavyojiona ni anasa, na anayeimudu ni yule ambaye macho ya wengine hayawezi kumtoa nyumbani kwake. Asiye na nguvu hana ruhusa ya kosa hilo. Yeye lazima ajue anavyoonekana, ajue mapema, na ajue kwa undani, kwa sababu ndivyo anavyopona.

Kutoka Kismayo kwenda kusini mpaka Ras Kamboni, visiwa vidogo vya matumbawe vimejipanga sambamba na pwani. Vilivyokaliwa na watu hasa ni Koyama, Chovai na Chula. Vingine, kama Ngumi, vimebaki na magofu. Ng'ambo yake bara kuna Burikavo, ambayo ramani huiita Bur Gao, mahali ambapo baadhi ya wanahistoria walidhani ndipo palipokuwa Shungwaya, nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya pwani. Ukivuka Ras Kamboni unakuta Wabajuni walewale Kiunga, Kiwayu, Ndau, Kizingitini, Faza na Mbwajumwali, ndani ya Kenya. Mpaka huo haukuwekwa na wao. Waingereza waliipa Italia eneo la Jubaland mwaka 1925, na tangu hapo ndugu wawili wa nyumba moja wakawa raia wa dola mbili, mmoja akitozwa kodi kwa lira na mwingine kwa shilingi.

Wao hujiita Wabajuni. Watu wa mji wa Lamu waliwaita Wagunya, au Watikuu, na majina hayo hayakuwa na heshima nyingi ndani yake. Kwa muungwana wa Lamu, mwenye nyumba ya mawe na milango ya kuchonga, Mbajuni alikuwa mtu wa kuja: mvuvi, mtu wa mashamba ya mbali, msema ovyo. Mbajuni alimtazama muungwana huyo akaona mtu anayekula samaki asiyemvua. Nao walikuwa na vyao vya kujivunia. Mafundi wa upande wao walijulikana pwani nzima kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba kikaenda baharini bila msumari, kikivutwa na tanga la mkeka. Walikuwa pia na vave, tungo ndefu zinazoimbwa usiku wa kuamkia kuchoma msitu uliofyekwa kwa ajili ya shamba.

Hilo la shamba nataka nilikalie kidogo. Karibu kila mgeni aliyeandika habari za Wabajuni amewaita wavuvi. Mtaalamu wa Kiitalia Vinigi Grottanelli, aliyefanya utafiti kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikipa kitabu chake cha mwaka 1955 jina la wavuvi wa Bahari ya Hindi. Hakusema uongo. Mbele ya macho ya mgeni uvuvi wao una mambo ya ajabu, na la ajabu zaidi ni ule wa kasa kwa chazo. Chazo ni samaki mwenye kibao cha kunyonyea juu ya kichwa. Hufungwa kamba mkiani akasafiri na mvuvi, amegandama chini ya chombo. Kasa akionekana, chazo hubanduliwa, hutupwa upande wa kasa, na kamba huachiwa. Yeye mwenyewe huenda akamganda kasa gambani. Kuanzia hapo kazi ni ya mkono. Ukivuta kwa pupa chazo anabanduka. Ukilegeza sana kasa anaingia chini ya mwamba na kamba inakatwa na matumbawe. Wazungu wameliandika jambo hili mara nyingi kwa mshangao. Kwa mwenyewe ilikuwa njia moja ya kuvua, kama nyavu na mshipi.

Lakini Mbajuni huyo aliyeandikwa kuwa mvuvi alikuwa na shamba bara. Mvua ikikaribia aliacha mashua, akavuka na familia yake, akafyeka, akachoma, akapanda mahindi na mtama, akalinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Vave yote inahusu maisha hayo. Upande wa Kenya mambo yaligeuka pale vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilipoanza mwaka 1963. Vijiji vya bara kaskazini mwa Lamu vikawa uwanja wa mapigano, watu wakakimbilia visiwani, Lamu, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi tena shambani. Wakabaki na bahari peke yake. Picha ya wageni, iliyokuwa nusu ya ukweli, ikatimizwa na bunduki. Tafiti nilizozitaja hazilishughulikii hili. Zenyewe hupima kama anachokiona mwingine ni sahihi au si sahihi, kana kwamba mtu husimama palepale akingoja kupimwa.

Upande wa Somalia picha ilikuwa nyingine. Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960 ilijieleza kwa ulimwengu kuwa taifa la watu wamoja, lugha moja na dini moja, jambo ambalo nchi chache za Afrika ziliweza kujisifia. Mwaka 1972 serikali ya Siad Barre ilikipa Kisomali hati ya Kilatini na kukifanya lugha ya serikali, hatua ambayo mpenzi yeyote wa lugha za Afrika ataipongeza, nami naipongeza. Ila ndani ya hadithi hiyo ya umoja, mtu wa Chula anayeota kwa Kiswahili hakuwa na pa kukaa. Hakuwa adui. Alikuwa kitu kilichosahauliwa kuandikwa.

Tena kulikuwa na suala la samaki. Mfugaji wa ngamia wa jadi hakumthamini mla samaki. Kwake samaki ni chakula cha aliyekosa mnyama. Ukame mkubwa wa 1974 na 1975 ulipoua mifugo, serikali iliwahamishia baadhi ya wafugaji pwani, sehemu kama Barawa, ikawapa mashua na kuwafundisha uvuvi kwa vyama vya ushirika. Wengi walirudi kwenye mifugo mara mvua zilipokuja. Nikiyasoma hayo huwa nawaza jinsi mvuvi wa kuzaliwa alivyoyaona: kazi anayodharauliwa kwayo ndiyo wengine wanapewa na serikali kama msaada, pamoja na mashine ya kusukuma chombo.

Dola ilipovunjika mwaka 1991 kila mtu alirudi kwenye ukoo wake, na ukoo ulikuwa na maana moja ya haraka: je, una watu wenye silaha? Koo 18 za Wabajuni zilikuwa na wazee, makaburi, na mashairi. Silaha hazikuwa nazo. Mashua zilichukuliwa, nyavu zikachukuliwa, nyumba za Kismayo zikapata wenyewe wapya. Aliyeweza kukimbia alikimbia kwa chombo hicho hicho alichokuwa akivulia, kusini, kwa ndugu. Mwaka 2000, katika mkutano wa Arta nchini Djibouti, viongozi wa Somalia waligawana viti kwa kanuni ya nne na nusu: koo kubwa nne zikapata fungu sawa kila moja, na wote waliobaki wakawekwa pamoja katika ile nusu. Wabajuni wamo humo. Sijui lugha gani inaweza kumwambia mtu waziwazi zaidi kuliko hesabu hiyo.

Waliofika Mombasa walikuta jambo jipya. Kwa ndugu zao wa Kibajuni walikuwa ndugu, wakapewa vyumba. Kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walikuwa wakimbizi wa Somalia, wakapelekwa kambi ya Jomvu. Kwa polisi wa barabarani walikuwa Wasomali, na Msomali asiye na karatasi katika Kenya ya miaka ya 1990 alijua kitakachofuata. Mtu mmoja, asubuhi moja, aliweza kuwa vitu hivyo vitatu kabla ya sala ya adhuhuri. Kambi za pwani zilipofungwa kuelekea mwisho wa muongo huo, baadhi walirudishwa Kismayo na visiwani, wengine wakapelekwa kambi za mbali, wengine wakayeyuka ndani ya mitaa ya Mombasa, ambako watoto wao walikwenda madrasa na shule pamoja na watoto wa Kenya na kuzungumza kama wao.

Hata Mbajuni mwenye kitambulisho cha Kenya hakustarehe. Jeshi la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, uvuvi wa usiku katika bahari ya Lamu ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Serikali iliona taa juu ya maji usiku ikaona hatari. Mvuvi aliona taa hiyo hiyo akaona karo ya shule, kwa kuwa kuna samaki wasiovuliwa mchana. Sidhani upande wowote ulikuwa ukisema uongo juu ya ulichokiona. Lakini mmoja ndiye aliyekuwa na boti ya doria.

Sasa twende Croydon, kusini mwa London, ambako ndipo ofisi ya kupokea maombi ya hifadhi ilipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Kibajuni walianza kufika Uingereza, Uholanzi na Sweden wakisema wametoka visiwani na hawawezi kurudi. Serikali za huko zilikuwa na tatizo la kweli, na ni haki kulisema: Wabajuni wako pande mbili za mpaka, na wa upande wa Kenya hakuwa na sababu ya kupewa hifadhi kama wa upande wa Somalia. Wapo waliovuka mpaka huo kwa maneno tu, mbele ya afisa. Basi afisa afanye nini? Akaanza kuuliza. Taja visiwa. Taja koo. Samaki gani huvuliwa, kwa chombo gani. Sema Kibajuni nisikie. Mwaka 2004 baraza la rufaa la uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo ambao hata kichwa chake kilitaja uwezo wa mwombaji kusema Kibajuni.

Hapo ndipo palipoingia uchambuzi wa lugha. Kampuni ya Sprakab ya Stockholm ilipewa kazi hiyo na serikali kadhaa. Mwombaji huzungumzishwa kwa simu kwa muda usiofika saa, sauti inarekodiwa, na wachambuzi wanaandika ripoti: lugha hii ni ya kusini mwa Somalia, au ni ya Kenya. Kuna alama za kusikiliza. Inayojulikana zaidi ni kwamba pale Mswahili wa kusini anaposema mtu, Mbajuni husema mchu, na tatu kwake ni chachu. Derek Nurse, mwanaisimu aliyekusanya data za Kibajuni miaka ya 1970 na baadaye akatoa ushahidi katika kesi za waombaji hifadhi, ameeleza mengine mengi ya namna hiyo. Kwenye karatasi jambo ni rahisi. Ukisikia mchu, huyu ni Mbajuni. Ukisikia mtu, ana la kujibu.

Mtazame sasa kijana mwenyewe. Amezaliwa kisiwani, akakimbizwa akiwa mtoto, akakulia Jomvu na mtaa wa Majengo, Mombasa. Shuleni wenzake walimcheka aliposema mchu. Polisi aliposikia lafudhi yake alimtaka kitambulisho. Mamake alimwambia, ukiwa nje, mwanangu, sema kama watu. Akajifunza vizuri sana. Kibajuni kikawa cha ndani ya nyumba, cha kusema na bibi, na mbele ya mtu mkubwa asiyemjua ikawa ni adabu kusema Kiswahili cha Mombasa. Miaka 15 baadaye anakaa mbele ya mtu mkubwa kuliko wote aliopata kukutana nao, pamoja na mkalimani ambaye, kwa usemi wake, kijana anatambua wazi kuwa ni Mkenya au Mtanzania. Anafanya kile ambacho maisha yake yote yamemfundisha kukifanya mbele ya mtu kama huyo. Anasema mtu.

Hapa ndipo ninapoachana na Kenny na DePaulo. Kijana huyu hakudhani kwamba wengine wanamwona anavyojiona. Alijua vizuri mno wanavyomwona, akajirekebisha awafae, na sasa ule urekebishaji wenyewe unasomwa kuwa ndio yeye. Angekuwa mjinga kidogo wa mambo ya watu, angekuwa amekuzwa bila kuchekwa na bila kuogopa, angejibu kwa Kibajuni chake cha nyumbani na ripoti ingemkubali. Ustadi wa kujiona kwa macho ya wengine, ambao vitabu vingi vya kujiendeleza vinatusihi tuutafute, ulimponza.

Wanaisimu waliliona tatizo hilo mapema. Mwezi Juni 2004 kundi la wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo juu ya matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi, likionya kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipolelewa na watu aliokaa nao kuliko inavyoonyesha uraia wake, na kwamba watu huchanganya na kubadili usemi wao kulingana na wanayesema naye. Mahakama zilikwenda polepole. Mwaka 2010 baraza la juu la uhamiaji la Uingereza, katika kesi ya mwombaji aliyejitambulisha kuwa Mbajuni, lilizipa ripoti za Sprakab uzito mkubwa. Tarehe 21 Mei 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya waombaji wengine wawili waliosema wametoka Somalia, ilirudisha mizani: ripoti ya namna hiyo isipewe uzito uliopangwa kabla, ipimwe pamoja na ushahidi mwingine, na mchambuzi wa lugha asiruke mipaka ya utaalamu wake akaanza kusema kama mwombaji anaijua au haijui nchi yake.

Ni uamuzi mzuri. Lakini tazama kitu ambacho hakuna mahakama inayoweza kukitoa: mwombaji bado analazimika kuigiza Ubajuni wake. Lazima awe Mbajuni wa kitabu cha Grottanelli, anayejua visiwa kwa mpangilio na samaki kwa majina, hata kama baba yake alikuwa mshonaji wa nguo Kismayo na hajapata kushika nyavu. Ninawafahamu Waswahili wa Lamu wasioweza kutaja visiwa vyao vyote. Mtihani wa kuwa mtu wa kwenu ukitungwa na asiye wa kwenu, mara nyingi wanaofaulu ni waliousomea.

Majirani wa Wabajuni katika Bonde la Juba walipatwa na kinyume chake. Watu wa jamii nyingi tofauti, baadhi yao wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka Tanga ya leo katika karne ya 19, walikusanywa na mashirika ya misaada miaka ya 1990 chini ya jina moja: Wabantu wa Kisomali. Wengi hawakuwa wamelitumia jina hilo kabla ya vita. Lakini jina lilifungua mlango. Marekani iliwapokea zaidi ya watu 10,000 kuanzia mwaka 2003, na Tanzania ikawapa uraia Wazigua waliokaa Chogo, wilayani Handeni. Leo wako wanaolibeba jina hilo kwa fahari kabisa. Kuonekana vibaya na kuonekana kwa faida si mambo yanayofuata usahihi wa picha.

Nisije nikaonekana ninachora watu wasio na macho yao wenyewe. Wabajuni nao hutazama, na hawatazami kwa upole siku zote. Waulize Waboni wa misituni, wanaojiita Aweer, jinsi jirani zao wa pwani walivyowahesabu, utasikia mengine. Uliza pia ndani ya vijiji vyenyewe, ni familia zipi zinazokumbushwa kimyakimya kwamba babu yao alinunuliwa. Hata hiyo nasaba ya ukoo inayotolewa kwa haraka pale bandarini ina milango yake. Zipo koo zinazojinasibisha na Uarabu, zipo zinazotaja asili ya Kisomali, kama Katwa wanaohusishwa na Wagarre, na zipo zinazorudi Shungwaya. Ni rahisi kuelewa kwa nini katika Kismayo ya Siad Barre babu Msomali alikumbukwa zaidi, na katika Mombasa ya wakoloni, ambako Mwarabu alikuwa na haki nyingi kuliko Mwafrika, babu Mwarabu ndiye aliyetangulizwa. Sioni ulaghai hapo. Mababu wote wawili huenda walikuwapo. Mtu huchagua wa kumtaja kulingana na anayeuliza, kama yule kijana wa Croydon, ila yeye alichagua vibaya.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wabajuni peke yao, mbali na Waswahili, jambo lililowafurahisha baadhi yao na kuwaudhi wengine, kwa sababu wapo wanaosema sisi ndio Waswahili wenyewe, mnatutoa mnatupeleka wapi. Nao majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, walichora mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021. Kenya ilikataa uamuzi huo. Mawakili wa pande zote mbili walikuwa na ramani nyingi. Mvuvi wa Ras Kamboni na mvuvi wa Kiunga wanavua maji hayo hayo kwa pepo zile zile, na wakikutana wanasalimiana kwa lugha ambayo haikuwa lugha ya kesi.

Katika nyumba za Wabajuni wa Mombasa kuna mtihani mwingine wa Kibajuni, nao ni mkali kuliko wa Stockholm. Mjukuu aliyekuja likizo kutoka Ulaya anaketi mkekani, anajaribu kusema kama bibi, anachanganya, anaweka ch pasipo na ch. Bibi anamcheka hadi anajifuta machozi kwa leso. Anamwita mwanamke wa nyumba ya pili aje asikie. Anamlazimisha arudie, halafu arudie tena, na kila akirudia kinaharibika zaidi. Kama ripoti ingeandikwa hapo, ingesema lugha ya mtoto huyu si ya Chula wala ya Kismayo, na ingekuwa kweli tupu. Jirani anakubali kwamba imeharibika. Kisha anauliza mamake mtoto ni wa nani, bibi anaanza kueleza, na kwa kuwa upande wa mama una watu wa Chovai walioolewa Ndau, maelezo hayo yanafika alasiri bado hayajamalizika.